Usaili wa Jaji wa Nyimbo

Fundi wa masanduku ya bati alikaa ndani ya kijichumba cha kioo, hedifoni masikioni, kidole juu ya kitufe. Suti aliyovaa siku ya kuagwa kazini ilimbana kwapani. Hakuwahi kukitaka kitu kama alivyoutaka ujaji ule.

Alikuwa ameiandikia redio barua tatu akiomba awe jaji wa shindano la nyimbo. Hawakumjibu. Juzi binti yake akamletea habari kwamba ameitwa kwenye usaili, akazisema huku anatazama viatu vyake. Fundi hakujali. Tangu astaafu hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya chochote, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Msichana wa usaili alianza kwa kuuliza kazi aliyofanya. Kugonga bati, akajibu, miaka thelathini na minne. Na muziki anaoupenda? Hapo fundi akafunguka.

Alianza kwa kujicheka. Ujanani, alisema, alikuwa mshamba wa kutupwa: filimbi na fidla zilimtoa machozi mpaka mafundi wenzake wakamwita Bibi Harusi. Alipofika arobaini akili zikamrudi, akaona vile ni vyombo vya kukwaruza tu, akahamia kwa waimbaji wa kike. Kumbe nako alikuwa anajidanganya, maana waimbaji wa siku hizi wanameza maneno. Hata mke wake ameiga tabia hiyo, anaongea ndani kwa ndani. Sasa yeye amebaki na ngoma na gitaa la besi.

"Huku ndiko kukomaa, mwanangu," alisema. "Kule kote nilikuwa najitia aibu."

Msichana aliandika kila neno. Kisha akamwambia, kwa sauti kubwa na ya wazi kama ya mtangazaji, kwamba akisikia kitu abonyeze.

Ikaja dum moja, nzito. Fundi akabonyeza. Baada ya muda mrefu ikaja nyingine. Akampenda mpigaji huyo moja kwa moja, mtu asiye na papara, anayejua kunyamaza. Ujanani angemwita mvivu. Katikati ya kimya alitikisa kichwa taratibu ili wamwone anaelewa.

Alihesabu dum sita. Baada ya hapo kimya kikawa kirefu hadi usingizi ukaanza kumnyemelea, naye akajikaza, kwani jaji hasinzii. Mwishowe akaona labda mitambo imewagomea, akavua hedifoni.

"Hizo sita za kufungulia nimezipenda sana," alisema. "Sasa leteni wimbo wenyewe."

Msichana alitoka nyuma ya kioo, akainama karibu na sikio lake.

"Zilikuwa sitini, baba. Tutakuwekea vifaa vya kusikia kwenye masikio yote mawili."