Kwani Mwanangu Pasi?

Uvumi ule Bi Mwanasha aliusikia bombani, ukamganda: hospitalini wagonjwa hupigwa shoti hadi wakamsahau mama aliyewazaa. Binti yake Rukaya alikuwa amekonda; sauti alizozisikia peke yake zilimwambia tumbo lake limeoza.

"Mama, ni umeme kidogo tu, naye atakuwa kwenye usingizi wa dawa," daktari alimsihi hospitalini, akimwonyesha picha ya ubongo wa Rukaya, sehemu iliyosinyaa. "Tia sahihi, tumwokoe."

"Kwani mwanangu pasi?" Akamshika binti mkono, wakaondoka.

Siku ya tisa tangu watoke hospitalini, Rukaya aliutazama uji, akasema kwa upole, "Maiti hali uji, mama."

Hakula tena.

Wazazi, msiseme mgonjwa anajidekeza. Msikimbie neno msilolijua. Msiondoke kabla ya kuuliza. Msingoje akatae hata maji.