Nguruwe Wawili wa Damiani

Mkono wa Klementina ulizama kwenye pipa la makombo mpaka kiwikoni. Ukatoka na kipande cha nyama kilichogandwa na tishu. Aliibandua ile tishu kwa kucha, akakitia kipande kwenye ndoo yake yenye mfuniko, akazamisha mkono tena.

"Wenzako wanamimina tu wanaondoka," alisema Dorine, mwenye mgahawa, akiwa mlangoni na ufagio. "Wewe unachambua utadhani mchele. Nguruwe gani hao, dada?"

"Wangu anachagua chakula," alijibu Klementina bila kuinua uso.

Pipa lilinuka, na asikudanganye mtu kwamba makombo ni chakula tu kilichobaki. Mlikuwa na maharage yaliyochacha, wali uliolowa maji ya kunawia, vijiti vya meno, na mifupa iliyonyonywa ikatemwa. Wiki ya kwanza Klementina alitapika mara mbili nyuma ya mgahawa. Alisukutua, akarudi kuchambua.

Hali ilikuwa ngumu Bombambili nzima, hilo halina ubishi. Mafuta yalipanda, unga ukapanda. Mumewe Damiani, aliyeuza vipuri vya pikipiki, alitangaza kubana matumizi, na alipopaona pa kubana ni jikoni tu. Hela ya matumizi aliikata nusu. Nusu nyingine ilinunua nguruwe wawili, wanenepe, wauzwe kabla ya Krismasi, ipatikane runinga kubwa ya ukutani.

Nyama mezani kwake, hata hivyo, aliitaka kama zamani.

"Mwanaume hashibi majani," alisema.

Damiani alikula peke yake sebuleni, kama baba yake alivyokula. Hela yote ikawa inaishia kwenye sahani yake. Jikoni, mama na watoto walimalizia ugali na majani ya maboga yasiyoonja mafuta. Leo, kitinda mimba wa miaka mitatu, akaanza kuvimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Nesi wa kliniki hakumung'unya maneno: mtoto apate maharage, dagaa na mayai, la sivyo mtamzika.

Klementina alimwambia mumewe wakati anakula. Pengine alikosea wakati.

"Mimi ndiye niliyepandisha bei?" Damiani aliuliza, mdomo umejaa. "Jipange, mama Esteria. Wanawake wenzako wanajipanga."

Mafuta ya nyama yalimtiririka kidevuni. Aliyafuta kwa kiganja, akakiramba kiganja. Klementina aliona kinyaa kikimpanda mpaka kooni, kinyaa ambacho pipa la Dorine halikuja kumtia hata siku moja.

Basi akajipanga. Kesho yake alikwenda kuomba makombo.

Damiani alipoona ndoo inaingia getini alifurahi kupita kiasi. Nguruwe wake watakula bure! Hela ya pumba nayo akaifuta papo hapo. Majirani waliolalamikia harufu aliwaambia kwamba mke wake ana akili ya maisha, wao wabaki na pua zao.

Miezi miwili ikapita. Miguu ya Leo ilinywea, naye akaanza kukimbizana na kuku. Jikoni kukawa na maharage yaliyoungwa, na yai la mtoto kila asubuhi. Sebuleni nyama haikukosekana, leo ya ng'ombe, kesho kuku, Jumamosi pilau kabisa.

"Si unaona?" Damiani alimwambia mkewe huku akichokonoa meno. "Hela ni ileile. Ulikuwa hujui tu kupanga."

"Ndiyo, baba Esteria."

Jambo moja tu lilibadilika, na watoto ndio waliolisikia. Zamani waligombania kumalizia sahani ya baba yao. Sasa aliyeigusa alichapwa. Siku moja Esteria alichovya kidole kwenye mchuzi uliobaki. Mama yake alimzaba kofi, akamkokota mpaka bombani na kumsugua kidole kwa sabuni mpaka mtoto akalia.

"Ni heshima," alisema Klementina. "Chakula cha baba hakichezewi."

Damiani alisikia, akatabasamu. Ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa.

Alasiri moja alikuja Athanasi, mchinjaji, kuwakagua nguruwe. Alizunguka banda mara moja, akambinya mmoja mgongoni.

"Damiani, hawa ndio wa kula makombo ya hotelini?" aliuliza. "Hawa wanakula majani ya viazi. Mbavu nazihesabu nikiwa nimesimama hapa. Siwachukui."

Damiani aliingia ndani uso umemvimba. Alimkuta mkewe jikoni, ndoo iko miguuni pake.

"Ndoo inajaa kila siku, nguruwe wanakonda. Unayauza, si ndiyo? Unauza makombo yangu, unawanunulia hao mayai."

"Siuzi kitu, baba Esteria."

"Kuanzia kesho nayafuata mwenyewe kwa Dorine, na kuwalisha nawalisha mwenyewe. Nikiona wamenenepa nitajua nimeoa mwizi, utarudi kwenu Mpitimbi." Akageuka kwenda sebuleni. "Lete chakula. Hasira zinanitia njaa."

Klementina alimtazama Leo, aliyekuwa akitafuna kwenye mkeka, mashavu yamejaa. Kesho atajua la kufanya. Akafunua ndoo, akatoa paja la kuku, akakata kwa kisu pale penye alama za meno ya mtu, akalikaanga na kitunguu. Kisha akalipeleka sebuleni, akapiga goti.

"Karibu chakula, baba Esteria."