Tope la Magotini

Mpimaji alikuwa amepiga magoti, akizungusha utepe wa kupimia kwenye mche wa mwisho wa kipande kilichozungushiwa kamba, bosi wake alipomshika bega.

"Kaka, kijishamba chako cha kipimo kimetutoa kimasomaso. Miche hii ya mfano imeshika, maana yake yote tuliyopanda mlimani imeshika. Kesho gari la maji linahamia kwingine."

Mpimaji aliukunja utepe. Miche hii alikuwa akiimwagilia kisirisiri kila jioni, kwa huruma tu, kama bibi anavyomfichia mjukuu kipenzi kipande cha nyama.

"Na ile ya nje ya kamba?"

"Si hii ndiyo inayoisemea? Simama nikupige picha ya ripoti. Jipanguse kwanza hilo tope."

Alitazama magoti yake. Nje ya kamba, mlima mzima ulikuwa mkavu kau.

Akajipangusa, akasimama kupigwa picha.