Gari Lililobaki Mlangoni

Kochi la Brigedia lilipanda ndegeni kwa heshima zote za kijeshi, friji lake likafuata, na mwishowe askari. Wote walipandia jukwaa la gari la kupakilia mizigo, ambalo Koplo Chengula alikuwa akilipandisha na kulishusha tangu asubuhi. Waasi walikuwa wameshafika sokoni.

Sasa Chengula alilipandisha mara ya mwisho, akatoka kwenye usukani, akakwea jukwaani na begi lake begani. Sajini Mwakitele akamzuia mlangoni.

"We, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, afande. Kama nyie."

"Na hilo dude atalitoa nani? Likibaki hapa mlangoni, ndege haiondoki."

Chengula akageuka kulitazama. Katika mipango yote mikubwa ya makao makuu, dereva wa gari hilo hakuwa amekumbukwa na mtu.

"Nikilitoa nitapandia wapi, afande? Mlango wenyewe uko juu kama ghorofa."

"Tutakurushia kamba."

"Kamba mnayo?"

Sajini aliangalia ndani. Kamba zote zilikuwa zimefunga kochi.

"Tunayo," akasema, macho yakiwa chini.

Chengula akashuka. Alilirudisha gari nyuma taratibu, kama alivyofundishwa, asije akakwaruza bawa.

Mlango ukafungwa. Ndege ikatimua vumbi uwanja mzima, na lilipotulia, Chengula alikuwa bado kwenye usukani, akipandisha jukwaa tupu polepole, mpaka usawa wa mlango ambao haukuwapo tena.