Uzi wa Baba Mkwe

"Leo choma uzi wangu!" Baba mkwe alichomoa uzi kwenye pindo la shati alilozawadiwa na mkwewe, fundi wa nguo. "Wateja waone kitani halisi inavyogeuka jivu. Mkwe wangu hana longolongo!"

Siku zote, kuwathibitishia wateja, fundi alichoma uzi wa shati moja tu, lile la kitani kweli. Mengine yote dukani, hata hilo la zawadi, yalikuwa plastiki tupu.

Mzee akawasha kiberiti mwenyewe. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaganda punje nyeusi kidoleni mwake, ukinuka kama ndoo iliyoungua.

Wateja wakasogea. Mzee akaifumbata ile punje ya moto kiganjani.

"Kiberiti kibovu hiki," aliwaambia bila kumtazama mkwewe, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.