Mungu wa Kike Mwenye Mwanya

Mungu wa kike wa chemchemi alikuwa na mwanya.

Tupokigwe aliukazia macho mwanya huo. Picha ya asili aliijua vizuri. Ilichorwa Ulaya karne ya kumi na tisa, na kitabu chenye picha hiyo kilikaa mezani kwao Uyole miezi mitano, mumewe Aroni akiinakili. Kitabuni mungu huyo amefumba mdomo. Huyu wa Aroni, aliyetundikwa kwenye maonyesho hapa Iringa, anacheka.

"Huyu nani?"

"Wa kutunga tu, mama Atupele," Aroni akajibu, akaenda kusalimia wageni.

Njia ya mwongo fupi. Haikupita nusu saa, huyo wa kutunga akaingia mlangoni, mwanya na vyote.

Tupokigwe aliumia. Miaka minane ya ndoa, leo anadanganywa kama mtoto! Akamfuata.

"Wewe ndiye wa kwenye picha?"

"Ndiyo, dada. Shikamoo. Naitwa Blandina, natoka Mafinga."

"Marahaba. Na Aroni ni nani kwako?"

Msichana akainamisha macho. "Dada, mimi nina mume wangu. Katoa mahari, kwao nimepelekwa, wamenipokea. Usiwe na wasiwasi."

Tupokigwe akaona aibu. Kumbe wivu ulikuwa unamtuma vibaya! Mke wa mtu kakaa kwenye kiti, kachorwa, kaenda zake; Aroni naye, kwa woga wake wa kiume, akaona heri adanganye. Akamsamehe palepale. Wakasimama bega kwa bega wakiitazama picha, Tupokigwe akimsifia mwenzake huo mwanya.

Mlangoni mtu akakohoa.

Alikuwa Mzee Filemoni, baba mkwe wake, aliyefika kutoka Tukuyu kuona kazi za Aroni, mtoto wake wa pekee. Mzee huyo hana mchezo na mila za Kinyakyusa: mke wa mwanawe haruhusiwi kuonana naye uso kwa uso. Ndiyo maana hukohoa kwanza, mkwe apate kujificha. Watu wengine wote huwapa mkono, wanawake kwa wanaume.

Tupokigwe akavuta kitenge haraka, akafunika uso, akageukia ukutani.

Akamkuta Blandina ameshageuka, uso wote ndani ya mtandio.