Sauti Iliyobaki Kituoni

Atupele alitangaza redioni na kwenye televisheni mjini Tukuyu kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu, sheria ilimtaka aiache sauti yake kituoni, mashine iendelee kuitumia. Kooni akapandikiziwa kifaa kilichompa sauti nyingine. Hakulia. Alirudi nyumbani kumtunza mama yake, ambaye alikuwa haoni tena.

Asubuhi ya kwanza alimpelekea uji.

"Mama, ni mimi, Atupele."

"Asante, binti. Ila Atupele yuko kazini."

"Nimestaafu, mama. Nishike mkono."

Mama aliupapasa, kisha akauachia. Redioni salamu za asubuhi zilikuwa zimeanza.

"Hebu nyamaza kidogo," mama alisema akitabasamu. "Mwanangu anaongea."

Atupele aliongeza sauti ya redio, akakaa kusikiliza naye.